Kustaafishwa kwa Heshima kwa Treni Namba Saba

Kabla sijasema lolote, niseme kwamba naipenda Serikali yetu. Nimeipenda kwa muda mrefu, nikiwa ghorofa ya tatu ya Wizara ya Mwendo, chumba namba 314, kwenye cheo cha Karani wa Sababu. Kazi yangu ni nyepesi na ya heshima: wakubwa huamua jambo, kisha huniletea mimi nilitafutie sababu. Kwa hiyo msomaji akikuta humu neno linaloelekea kuwacheka wakubwa, ajue macho yake yamechoka, akalale.

Nchi yenyewe siitaji jina. Tunaoishi humo tunaijua, na wasioijua hawana haraka.

Zamani tulikuwa na treni kumi na moja za abiria zilizokwenda bara. Moja baada ya nyingine, Wizara ilizistaafisha kwa heshima. Tafadhali usiseme zilifungwa. Kwetu hakuna kinachofungwa. Kiwanda, zahanati au treni ikianza kuwachosha wakubwa, hujengewa turubai, huimbiwa na kwaya, husomewa hotuba, mgeni rasmi hukata utepe, na kuanzia dakika hiyo huwa imestaafu. Badala ya treni kumi zilizostaafu tuliwekewa picha ya treni ya kisasa mbele ya stesheni ya Mji Mkuu, kubwa kuliko stesheni yenyewe. Picha hiyo haijachelewa hata siku moja. Wananchi wanaoisubiri itoke ukutani husafiri kwa mabasi ya shemeji yake Waziri, jambo ambalo halihusiani kabisa na habari hii.

Ikabaki moja, Treni Namba Saba, iliyokwenda Lwangomba mara moja kwa wiki. Hii ilikuwa ngumu kuistaafisha kwa sababu barabara ya Lwangomba hupitika miezi saba tu. Miezi mitano ya masika huwa uji mtupu, na mabasi ya shemeji hayapendi uji. Lakini ilikuwapo Sheria ya Kuwahi, iliyosema kwamba treni yoyote ikichelewa mara mia moja itastaafishwa siku hiyohiyo, bila rufaa. Namba Saba ilikuwa imechelewa mara tisini na tisa. Wizara haikuitakia mabaya hata kidogo. Iliipunguzia tu mafuta, mafundi, mchanga wa kunyunyiza relini na taa ya mbele, ili iwe nyepesi na ikimbie.

*

Ijumaa moja, wiki ya kwanza ya masika, niliagizwa nimsindikize Daktari Ladislaus Kihwelo, Mkaguzi Mkuu wa Ucheleweshaji, kwenye safari ya Namba Saba. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye saa ya kubonyeza iliyoning'inia shingoni. Kwenye mkoba wake kulikuwa na Hati ya Kustaafu, imekwishapigwa mhuri na kusainiwa, iliyobaki wazi ni nafasi ya saa tu. Na mimi kwenye mkoba wangu nilikuwa na sababu tayari: uzembe wa watumishi.

"Tunatakiwa Lwangomba kesho saa sita kamili mchana," aliniambia tukiwa jukwaani. "Turubai limeshafungwa kule. Kwaya inafanya mazoezi. Naibu Waziri mwenyewe anakwenda kwa barabara kuwa mgeni rasmi. Sasa fikiria, karani, treni ikiwahi, aibu hiyo tutaiweka wapi?"

Nilimwambia nisingependa kuifikiria.

Gadi wa treni alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na ushee, jina lake Somoe Likwata. Alikuwa amevaa kofia iliyochakaa ukingo, bendera mbili zimebanwa kwapani, na mkononi ana boksi dogo la bluu la kuwekea barafu. Daktari Kihwelo alilitazama boksi lile.

"Hilo la nani, mama?"

"La mume wangu, Daktari."

"Lina nini?"

"Insulini. Makungu ana sukari. Zahanati ya Lwangomba haina dawa hii, na friji yao ilistaafishwa mwaka juzi, nadhani ni wewe uliyekata utepe. Kila wiki nachukua chupa moja hapa mjini nampelekea. Aliyonayo inaisha kesho asubuhi."

"Na treni ikistaafu?"

"Daktari, miezi mitano hapapitiki. Atakufa. Kwani nyinyi mlipokaa kikao mlidhani nini?"

"Karani," akasema Daktari Kihwelo kwa upole, "andika kwamba gadi ana majibu."

Nikaandika. Makungu huyo, niliambiwa baadaye na dereva, aliiendesha Namba Saba kwa miaka ishirini na sita kabla macho na miguu havijamwangusha. Hilo sikuliandika kwa sababu halikuulizwa.

*

Tuliondoka saa nane mchana, kwa wakati, na Daktari Kihwelo akaanza kazi.

Stesheni ya kwanza, Msangamo, aliamuru treni isimame ili awasomee abiria Waraka wa Kuharakisha Safari. Waraka una kurasa ishirini na mbili. Alipomaliza ukurasa wa pili, Somoe alinyoosha mkono kwa adabu.

"Samahani, Daktari. Waraka unasema usomwe treni ikiwa imesimama?"

Daktari akapekua. Akapekua tena. Ukurasa wa kumi na saba ulisema usomwe "mbele ya abiria", basi. Somoe akapeperusha bendera ya kijani, treni ikang'oka, na Mkaguzi Mkuu ikambidi asome kurasa ishirini zilizobaki akitembea behewa hadi behewa, akijigonga kwenye vyuma, huku abiria wakiitikia kwa nguvu "Tumesikia!" kila alipovuta pumzi.

Stesheni ya Kibutu akaja na jingine. Aliagiza abiria wote mia mbili na kumi washuke wahesabiwe wakiwa chini, kwa maelezo kwamba abiria aliyekaa huenda anajificha. Kwa kawaida zoezi hilo lingekula saa mbili, kwa sababu watu wetu wakishakanyaga ardhi lazima waulizane habari za nyumbani, za watoto, za mashamba na za mgonjwa. Somoe alipita madirishani akisema kwa sauti ya chini.

"Jamani, anataka tuchelewe. Shukeni kushoto, pandeni kulia. Na leo nawaombeni sana, msisalimiane."

Msomaji asiye wa kwetu hataelewa ukubwa wa ombi hilo. Niliona mzee mmoja akipishana na baba mkwe wake uso kwa uso bila kumwamkia, akapanda behewani akajifunika shuka usoni kwa aibu. Lakini walimaliza kwa dakika tisa. Daktari Kihwelo aliitazama saa yake kwa masikitiko ya kweli.

Jumamosi asubuhi tulikuwa mbele ya ratiba kwa dakika kumi na mbili, na Somoe akaanza kuimba taratibu. Ndipo mvua ikaanza.

*

Saa nne hivi tulifika kilima cha Tambule. Treni yoyote hupanda Tambule ikinyunyiza mchanga kwenye reli ili magurudumu yashike, na sisi, kama nilivyosema, Wizara ilikuwa imetupunguzia mchanga. Magurudumu yakazunguka palepale. Treni ikanguruma, ikatetemeka, ikarudi nyuma mita ishirini, ikasimama.

"Ajali ya asili," alisema Daktari Kihwelo, na kwa mara ya kwanza tangu Msangamo alitabasamu. Akaketi dirishani, akatoa maandazi.

Hakuna aliyewaambia abiria washuke. Walishuka wenyewe. Wanaume walivua mashati wakayafanya vibeba mchanga, wanawake wakachukua beseni walizokuwa wamefunga kwa safari, wakateremka korongoni kuchota mchanga na kuja kuumwaga kwenye reli kwa viganja, hatua kwa hatua, mbele ya kichwa cha treni. Mvua ilikuwa inausafisha karibu kwa kasi ileile waliyokuwa wanaumwaga. Dereva alikuwa anasogea kidogo, anasimama, anasogea tena. Mimi nilibaki ndani kwa sababu sikuwa na maagizo ya kushuka. Baadaye nilishuka. Sina sababu ya hilo.

Tulifika kileleni saa sita kasoro dakika tano, nguo zimetuganda mwilini. Lwangomba ilikuwa bado kilomita kumi na nne.

Saa sita ilitukuta njiani. Daktari Kihwelo alibonyeza saa yake, akaionyesha kwa kila mtu aliyekuwa karibu. "Mara ya mia moja," alisema. "Poleni sana, na hongereni kwa utumishi wenu."

Somoe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, boksi mapajani. Alilifungua kidogo, akatia kidole, kikatoka kimelowa. Barafu ilikuwa inaisha. Hakulia, ila mikono yake ilishindwa kukibana kifuniko, nikamsaidia. Nilijisikia vibaya sana, na nalisema waziwazi ingawa cheo changu hakina fungu la kujisikia.

*

Kilomita tisa kabla ya Lwangomba, reli hukata barabara kuu. Hapo tukaona jambo la kushangaza: magari kumi na manne meusi yamezama kwenye tope mpaka milangoni, na juu ya paa la gari la kwanza, akiwa amesimama chini ya mwavuli ulioshikwa na msaidizi, Mheshimiwa Balthazar Nyamhokya, Naibu Waziri wa Mwendo. Alikuwa hapo tangu alfajiri.

"Simamisha!" Daktari Kihwelo alipiga kelele. "Mama, simamisha treni, ni Naibu Waziri!"

"Hapa si stesheni, Daktari," alisema Somoe. Lakini nilimwona anafikiri. Akatazama magari, akatazama boksi, akatoa bendera nyekundu nje kwa mkono ulionyooka.

Mheshimiwa alipakiwa behewa la daraja la tatu, maana Wizara ilishayastaafisha ya kwanza na ya pili. Aliwekwa katikati ya mama mwenye gunia la dagaa na tenga la kuku. Somoe akaja na kitabu.

"Mheshimiwa, jina lako kamili."

"Hunijui?"

"Nakujua, baba. Kitabu ndicho hakikujui. Treni haiondoki na mtu asiyeandikwa."

Akaandikwa, akapewa tiketi, akaishika kwa ncha za vidole. Treni ilipokolea mwendo, Mheshimiwa alichungulia nje akapendezwa.

"Mbona inakwenda vizuri? Nani alisema imechoka?"

"Ndiyo hii tunayoistaafisha leo, Mheshimiwa," alisema Daktari Kihwelo.

"Ahaa. Basi mama, waambie waongeze mwendo. Nisije nikachelewa kuistaafisha."

"Tutakufikisha, baba," alisema Somoe.

*

Tuliingia Lwangomba saa saba na dakika ishirini kwa saa ya Daktari Kihwelo. Kwaya ikalipuka. Turubai lilikuwapo, utepe ulikuwapo, mkasi ulikuwa juu ya mto wa hariri. Na ukutani kwa stesheni, saa kubwa ilionyesha saa sita kasoro dakika tano.

Hapa lazima nimweleze msomaji wa nje. Kwetu mgeni rasmi hachelewi. Simaanishi kwamba anawahi. Namaanisha saa ya shughuli haifiki mpaka yeye afike. Zamani ilikuwa desturi tu: watu wanaalikwa saa tatu, wanakaa juani mpaka saa nane, halafu mshereheshaji anatangaza kwamba mgeni wetu amefika kwa wakati muafaka. Siku hizi ni sheria. Kila saa ya ukutani iliyo karibu na shughuli husimamishwa dakika tano kabla, na haiguswi mpaka mgeni ashuke. Kuandika popote kwamba mgeni rasmi amechelewa ni kifungo cha miaka saba.

Daktari Kihwelo alitoa Hati, akatoa kalamu, akaanza kuandika saa saba. Somoe akamsogelea karibu sana.

"Daktari, unaandika nini?"

"Saa ya kuwasili."

"Ya treni, au ya Mheshimiwa? Maana wamewasili pamoja. Jina lake liko kwenye kitabu changu, na tiketi anayo mfukoni."

Kalamu ilisimama hewani. Stesheni masta, mzee mwoga aliyekuwa ameishikilia mishale ya saa kwa mkono wake kwa zaidi ya saa nzima, alikuwa anatutazama akiwa juu ya ngazi. Kwaya iliimba ubeti wa tatu, ikaurudia, kisha ikaurudia tena. Jasho lilimtoka Daktari Kihwelo likadondokea juu ya Hati, likafuta sehemu ya saini ya Waziri. Mwishowe akaandika: saa sita kasoro dakika tano. Treni imewahi.

Mheshimiwa aliletewa karatasi ile akaisoma mara mbili. Alikuwa amesafiri siku mbili kuja kustaafisha treni, sasa treni imekataa. Lakini mtu aliyefikia cheo kile si mjinga.

"Treni iliyonileta mimi," alisema kwenye kipaza sauti, "haiwezi kuwa treni ya kuchelewa." Kisha akakata utepe hivyohivyo, kwa kuwa ulikuwa umeshafungwa.

Watu wa Lwangomba walicheza mpaka turubai likaanguka. Somoe hakuwepo. Alikuwa amekimbia na boksi tangu neno la kwanza la hotuba.

*

Ningeweza kuishia hapa na kila mtu akalala usingizi. Lakini Jumatatu yake liliteremka agizo chumba namba 314. Treni iliyopandwa na kiongozi, lilisema agizo, haiwezi tena kukaliwa na dagaa na kuku. Kwa hiyo Namba Saba imepandishwa hadhi kuwa Treni Maalumu ya Wageni Rasmi. Abiria wa kawaida pamoja na mizigo yao hawataruhusiwa, na Daktari Kihwelo atasimama mlangoni kuhakikisha. Mimi nitafute sababu.

Nilitafuta. Niliandika: kulinda heshima ya viti. Nililipwa mshahara wangu kama kawaida.

Ijumaa iliyofuata Namba Saba ilikwenda Lwangomba ikiwa imesafishwa, ina dereva na gadi tu. Abiria walibaki jukwaani na mafurushi yao wakiitazama inaondoka na mabehewa sita matupu. Somoe alipofika mlangoni na boksi, Daktari Kihwelo alilifungua.

"Wewe ni mtumishi, mama, panda. Hili boksi ni mgeni rasmi wa wapi?"

Boksi likabaki. Barabara ilikuwa imeshajifunga. Kule Lwangomba Makungu akaanza kugawanya dawa, nusu ya sindano asubuhi, robo jioni. Wiki ya pili boksi likabaki tena.

Jumatano ya wiki ya tatu, Somoe alipanda ngazi zote mpaka chumbani kwangu. Alikuwa amekonda. Alikaa bila kukaribishwa.

"Nimemwacha hawezi kusimama," alisema. "Anaongea na mama yake aliyekufa. Imebaki sindano ya kesho na keshokutwa. Wewe si ndiye unayejua makaratasi? Nieleze kitu kimoja tu. Mtu anakuwaje mgeni rasmi?"

"Kwa barua ya mwaliko, mama. Yenye kumbukumbu namba na mhuri."

"Anaalikwa na nani?"

"Na mwenye shughuli."

"Shughuli gani?"

Nilifungua sheria. Nilisoma mbele na nyuma. "Haikutaja," nilisema.

Tukatazamana. Nataka ieleweke wazi, kama itafika mahakamani, kwamba mimi sikufanya kosa lolote. Nilijisikia kiu nikaenda kunywa chai kantini. Kwamba juu ya meza nilisahau mfano wa barua, rimu ya karatasi, na mhuri wa Wizara ukiwa wazi kwenye wino, ni uzee. Chai yenyewe ilikuwa ya moto sana, ikanichukua saa tatu.

*

Ijumaa jukwaa lilijaa. Watu mia mbili na zaidi, na dagaa wao, na kuku wao, wote wamevaa nguo za sikukuu, kila mmoja na barua mkononi. Daktari Kihwelo alizisoma moja moja. Mama mwenye gunia alikuwa mgeni rasmi kwenye ufunguzi wa banda la bata. Kijana fundi cherehani alialikwa kuzindua sufuria. Mzee wa stesheni ya Kibutu, yule aliyejifunika shuka, alikuwa mgeni rasmi wa upatanisho kati yake na baba mkwe wake. Kanuni iko wazi: mgeni rasmi hupigiwa saluti anapopanda. Daktari alipiga saluti mia mbili na kumi na saba.

Alibaki Somoe na boksi.

"Hilo," alisema Daktari akihema, "halipandi. Na mimi naingia ndani kuzikagua barua hizi upya. Treni isiondoke."

"Barua yako iko wapi, Daktari?"

"Yangu?"

"Hii ni treni ya wageni rasmi. Wewe si mtumishi wa treni. Huna barua, hupandi."

Niliona uso wake unashuka. Miaka yote hiyo, mtu huyu alikuwa amepanga viti vya wageni rasmi, ameshika miavuli yao, amesimamisha saa zao, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwalika. Somoe akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti.

"Nilikuwekea," alisema. "Nilidhani utapenda."

Daktari akasoma kwa sauti, polepole. Alikuwa anaalikwa kuwa mgeni rasmi kwenye Uzinduzi wa Sindano, nyumbani kwa Bwana Makungu Likwata, Lwangomba, kesho saa sita mchana. Vifaa vya shughuli vitasafiri na mgeni rasmi mwenyewe. Akaisoma tena. Akajifuta macho kwa ukingo wa tai. Kisha akalichukua boksi kwa mikono miwili, akapanda, na Somoe akampigia saluti.

Sijawahi kuona treni ikikimbia namna ile. Daktari mwenyewe ndiye aliyekuwa anapita madirishani kwenye stesheni kuwafokea watu kwamba wanamchelewesha mgeni rasmi. Tambule tulipanda kwa mchanga ambao abiria walikuja nao kwenye mifuko. Mimi nilikuwamo. Nilikuwa nimealikwa kuzindua kamba ya kuanikia nguo.

*

Makungu alikuwa amelazwa kwenye mkeka uani, amefunikwa, midomo imekauka, pumzi inakwenda haraka na ina harufu ya matunda yaliyoiva mno. Majirani walikuwa wameweka kiti kimoja na kitambaa cha meza. Walituambia, sisi abiria tuliolifuata boksi mpaka uani, kwamba sindano ya mwisho ilikwisha jana asubuhi. Somoe alipiga magoti, akafungua boksi, akatoa chupa, akavuta dawa. Barafu ilikuwa bado vipande.

"Samahani, mama," alisema Daktari Kihwelo.

Alikuwa amesimama nyuma ya meza, na mkononi ana karatasi. Nilizihesabu kwa macho, zilifika kama thelathini. Alikuwa ameziandika njia nzima.

"Uzinduzi hufanyika baada ya hotuba ya mgeni rasmi," alisema. "Si mimi. Ni utaratibu. Ukianza kabla, shughuli ni batili, barua ni batili, na treni imebeba watu bila kibali." Akakohoa. "Nianze kwa kumshukuru Mungu."

Hakuwa na ubaya, hiyo ndiyo hofu yenyewe. Alikuwa na furaha kama bwana harusi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kutambua uwepo wa watu. Somoe alibaki na sindano hewani, macho kwenye kifua cha mumewe kinachopanda na kushuka. Ukurasa wa pili ulikuwa historia ya sindano tangu enzi za kale. Makungu alifumbua macho, akasema jambo kuhusu breki, akayafumba. Hakuna aliyethubutu kumkatiza mgeni rasmi, maana hilo nalo ni kosa, na treni ilikuwa pale stesheni na barua mia mbili zilikuwa mifukoni mwetu.

Ni mama wa dagaa aliyeanza. Daktari alisema, "Na sindano hii, ndugu wananchi," akavuta pumzi, na mama yule akapiga makofi. Kwa utaratibu wetu msemaji akipigiwa makofi hunyamaza mpaka yaishe. Daktari akanyamaza, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Fundi cherehani akadaka. Kisha majirani, kisha ua mzima, kisha watu waliokuwa nje ya ua bila kujua wanashangilia nini. Wengine walipiga masufuria. Daktari alinyoosha mkono kuomba utulivu, na sisi tukazidisha. Akaweka mkono kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Chini, kwenye mkeka, Somoe alilifunua paja la mumewe, akachoma.

Tuliendelea. Tulipiga makofi mpaka pumzi ya Makungu ilipopungua haraka yake, mpaka jua likahama kutoka kwenye mkeka wake, mpaka aliponyoosha mkono mwenyewe kuomba maji. Daktari Kihwelo alikuwa bado amesimama pale, karatasi zimemdondoka miguuni, anatabasamu. Viganja vyangu vilikuwa vimevimba na sikuwa nimeagizwa na mtu.